Mashine ya Mayai na Mguu wa Baba

Baba alisema hatakwenda hospitali mpaka mashine ya mayai ijifunze kupiga simu. Alisema hivyo akiwa ameketi kwenye kitanda chake cha chuma nyumbani Mbale, mguu wa kushoto ameuweka juu ya stuli, umefungwa kwa kipande cha leso kuukuu, na harufu ya kidonda ilinipokea mlangoni kabla yeye hajaitikia hodi. Nilikuwa nimetoka Jinja kumchukua. Nilikuja hata na begi la nguo zake, tupu, kwa sababu nilijua akiachiwa afungashe mwenyewe atatia kila kitu isipokuwa nguo.

"Mayai ya watu iko ndani," alisema. "Mimi takwenda namna gani?"

"Baba, daktari amesema wiki hii."

"Daktari naangalia mguu. Nani naangalia mayai?"

Mimi nina hasira za karibu, na nimezirithi kwake, kwa hiyo tukitazamana hivyo nyumba huwa ndogo. Nilitoka nikasimama uani nikaangalia ule mwamba wa Wanale ulivyosimama juu ya mji kama ukuta wa mtu asiyetaka majirani, nikahesabu pumzi. Daktari wa upasuaji wa hospitali moja ndogo ya Jinja alikuwa amekwisha kuuona mguu ule. Sukari ilikuwa imeula kwa ndani. Aliniambia kwamba mzee akija upesi ataondolewa vidole viwili na atatembea. Akichelewa, yeye mwenyewe hajui kisu kitasimama wapi. Nilimweleza baba yote bila kupunguza. Alijibu kwamba vidole ni vyake, mayai si yake.

Baba ni askari magereza mstaafu. Kazi ya kuku aliijulia kwenye shamba la gereza, na alipostaafu akanunua mashine ya kutotolea vifaranga kutoka kwenye shamba lililokuwa linafungwa. Ni mashine kubwa kama kabati la nguo, ya zamani, yenye feni inayonguruma mchana na usiku. Wanawake wa Namatala na wa huko milimani humletea mayai yao, ya kuku, ya bata, ya bata mzinga, kila mmoja akiwa ameweka alama yake kwa penseli, naye huwarudishia vifaranga. Kila wiki mayai mapya huingia, ndiyo maana mashine haina siku ya kuwa tupu. Kwa wengi wa wale wanawake, mayai yale ni ada za shule ambazo bado hazijaota miguu.

Ilikuwa na kasoro moja iliyotufikisha hapo. Kioo chake cha mbele, kile cha kuonyesha joto, kilikufa miaka mingi iliyopita, na kengele yake ya hatari nayo ikafuata. Kilichobaki kuwa hai ni soketi ya nyuma yenye pini tisa, ya aina iliyotumiwa na printa za zamani. Kupitia soketi ile mashine ilikuwa ikiiambia kompyuta kuukuu chumbani kwa baba joto lake kila dakika, na baba alikuwa akilala akiitazama. Mvua za mwaka huo zilipoanza, radi ikaiunguza kompyuta. Tangu hapo alikuwa akifungua mlango wa mashine kidogo, anachungulia kipimajoto chenye uzi mwembamba wa zebaki, anafunga kabla joto halijatoka. Akafanya hivyo kwa mguu ule, akisimama na kukaa, wiki baada ya wiki.

Jirani yake ni mjane wa Kinubi tunayemwita Hajati. Ni mtu jasiri. Huvuta kamba ya jenereta kuliko vijana, na ndiye aliyekuwa akimpikia baba tangu mama afariki. Lakini macho yake hayauoni uzi ule wa zebaki, hata umsogezee puani. Ndugu zangu wako mbali. Mimi nisingeweza kubaki Mbale, maana mgonjwa hospitalini kwetu asipokuwa na mtu wa kumuuguza ni kama ametupwa.

"Wewe ni fundi," baba aliniambia niliporudi ndani. "Pale kwa kiwanda ya unga unafanya mashine nasema na kompyuta. Fanya hii iseme na simu yako. Mimi nikiona namba kutoka kitanda ya hospitali, nakaa kitandani. Nisipoona, narudi na mguu moja ama na miwili."

Nilijua hatanii. Niliondoka na begi tupu.

Kuna kisanduku kidogo kisichozidi kiganja, ambacho upande mmoja kina soketi ya zamani na upande wa pili tundu la waya wa mtandao. Kinaisikiliza mashine kongwe na kuyapeleka maneno yake kwenye mtandao. Wauzaji wana jina lake refu la Kiingereza. Sisi kiwandani tunakiita konvata na maisha yanaendelea. Tulikuwa nacho kimoja kwenye mizani ya malori, lakini ningekigusa, magari ya mahindi yangepanga foleni mpaka barabara kuu na mimi ningepanga foleni ya kutafuta kazi. Nilihitaji changu, na nilikihitaji mara moja.

Duka la kwanza Jinja, mwenye duka alinipa waya wa kuchomeka kwenye kompyuta ya mkononi.

"Hii ni ire ire, mama," alisema. "Weka tu, itakubari."

"Sitaki kompyuta. Nataka mashine iende mtandaoni yenyewe."

"Si utaweka kompyuta karibu yake?"

"Na nani ataiangalia hiyo kompyuta?"

Alinitazama kwa huruma, nadhani kwa sababu nilimsemesha Kiswahili. Mjini Jinja ukiingia dukani na Kiswahili cha haraka, watu wazima hukumbuka vizuizi vya barabarani na bunduki za wanajeshi. Mimi nimezaliwa katika nyumba za askari, na kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kusongea ugali wa posho na ya kugombezwa. Sikuwa na nafasi ya kumweleza hayo. Nilitoka.

Nikaanza kuchagua kwa akili, usiku na mchana kichwani, nikiwa kazini natengeneza vitu vingine. Mashine ya baba ilikuwa na masharti yake kama mke mkubwa. Kwanza huzungumza polepole, na kwa desturi ya zamani, kila herufi ikiwa na biti saba badala ya nane za siku hizi. Kisanduku kisichojua adabu hiyo hupokea joto na kutoa takataka. Nilijaribu kimoja cha mtu wa Bugembe aliyekuwa akikitumia kwenye mashine ya risiti. Kiliniandikia alama za ajabu mstari hadi mstari, nikakirudisha kabla sijakirusha ukutani.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. Visanduku vingi hukaa vikingoja kuulizwa: wewe uliye mbali unavipigia hodi, navyo vinakufungulia. Lakini ruta ya baba, kile kifaa cha kumletea mtandao nyumbani, ilitumia laini ya simu, na kwenye laini ya namna hiyo mtu wa nje hawezi kubisha. Wa ndani tu ndiye anayeweza kutoka. Kwa hiyo nilitaka kisanduku chenye tabia ya kutoka chenyewe, kiipeleke namba kwenye kompyuta niliyoikodi huko mtandaoni, nayo iilete kwenye simu yangu. Baba alikuwa amelisema vizuri kuliko vitabu vya wauzaji: mashine ijifunze kupiga simu, isingoje kupigiwa.

Vilibaki viwili. Kimoja kilikuwa cha plastiki, kipo Jinja, nikikitaka leo ninacho leo. Kilijua biti saba, kilijua kutoka chenyewe. Umeme wake ulitoka kwenye adapta ya kuchomeka ukutani. Cha pili kilikuwa cha bati, kizito, kilichotengenezwa kwa ajili ya viwanda. Kingefungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye betri, na ruta pia, kwa hiyo umeme ukikatika kingeendelea kusema. Ndani kilikuwa na kinga inayotenganisha upande wa mashine na upande wa mtandao, ili radi ikiingia huku isitokee kule. Mtu yeyote wa kazi yetu angekichagua hicho akiwa amefumba macho. Tatizo lake ni kwamba kilikuwa Nairobi.

Nikakiagiza. Nilijiambia haraka haraka haina baraka. Muuzaji akasema kinafika wiki ile. Kisha akasema kiko Busia, forodhani. Kisha akaacha kusema, nikawa namsemesha mimi.

Kila asubuhi Hajati alinitumia picha ya mguu. Sikumwomba. Alikuwa akimfungua kidonda baba, anapiga, anatuma bila neno, nami ningeipokea nikiwa getini kwangu Bugembe nasubiri kwenda kazini. Ule weusi ulikuwa kwenye vidole. Halafu ukawa chini ya vidole. Asubuhi moja nilipanua picha kwa vidole vyangu viwili pale kwenye kioo cha simu, nikaona ngozi ya juu ya unyayo imeanza kung'aa kama imepakwa mafuta, na nikajua ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba matumbo hayo hayakuwa yangu. Nilikwenda dukani wakiwa bado wanafungua milango, nikachukua cha plastiki.

Sikukipenda. Nilikiangalia njia nzima mpaka Mbale kama mtu anayemsindikiza mchumba aliyeletewa na shangazi. Lakini kingefanya kazi, na nilichotaka ni baba alale kwenye meza ya daktari.

Nilipofika, baba alikuwa amesogeza kiti nyuma ya mashine na anangoja pale, mguu umenyooshwa mbele. Nilifunga kila kitu akinitazama. Nikachomeka adapta, taa zikawaka, nikafungua simu. Hakuna kitu. Nikahesabu dakika moja, ikapita nyingine.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo ningemcheka mwanafunzi kwa kulisahau: waya wa kusema wa mashine nilikuwa nimeukutanisha na waya wa kusema wa kisanduku. Wote wawili walikuwa wanaongea, hakuna anayesikiliza, kama sisi wawili. Nikazipishanisha nyaya. Dakika ikapita, na kwenye simu yangu ikaandikwa 37.6.

Baba alinyoosha mkono. Hakutaka simu, alitaka nimshike. Akasimama kwa mguu mmoja, akafungua mlango wa mashine kidogo, akachungulia kipimajoto chake, akafunga. Akaichukua simu kutoka mkononi mwangu na kuisogeza mbali na macho, kama wazee wanavyosoma.

"Nasema kweli," alisema. Halafu, "Begi iko wapi?"

Hajati alikuja tukamwonyesha. Kazi yake ilikuwa nyepesi: nikimpigia na kumwambia joto limeshuka, awashe jenereta, nikimwambia limepanda, afungue matundu ya juu. Hakutakiwa kusoma chochote. Alirudia maneno yangu mara mbili, akamwambia baba, "Afande, nenda. Mayai yako iko na mimi na mtoto yako." Baba alimpa ufunguo wa chumba cha mashine bila kumtazama usoni. Nafikiri angemtazama asingeondoka.

Daktari alimpokea siku hiyo hiyo. Alipofungua bandeji alibonyeza ngozi mpaka kwenye kifundo, akamwuliza baba kama anakubali akate mpaka pale mwili ulipo mzima. Baba akauliza kama kitandani simu inashika mtandao. Nikamwonyesha 37.6. Akakubali.

Upasuaji ulipangwa kesho yake mchana. Asubuhi nzima baba alikuwa akiniuliza namba kama mtu anayeuliza saa. 37.6. 37.5. 37.6. Nilianza kukisamehe kile kisanduku. Baada ya saa sita mchana mawingu yalikuja kutoka ziwani, upande wa Masese, na upepo ukapiga mapazia ya wodi. Nikafikiri juu ya Mbale, ambako mvua ya mchana haibishi hodi, inateremka tu kutoka mlimani. Nikatazama simu. 37.6. Nikangoja dakika. Namba ikabaki palepale, lakini saa yake pembeni haikusonga. Nikangoja tena. Ilikuwa imesimama.

Kisanduku cha kuchomeka ukutani kikinyamaza, kimya chake kina maana nyingi. Huenda umeme umekatika Mbale, na kama umekatika basi na feni ya mashine imesimama na mayai yanapoa. Huenda laini ya simu imezidiwa na mvua. Huenda radi imepita kwenye waya wa mtandao na kukichoma kisanduku, na kwa vile hakina kinga ndani, huenda imeendelea mpaka kwenye mashine yenyewe. Cha bati kingekuwa kinasema. Nilimpigia Hajati. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, na tena. Sauti ile ya yule mwanamke wa kampuni ya simu, ya upole, ikinieleza kwamba ninayempigia hapatikani, ilinifanya nitake kumpiga mtu.

Hapo ndipo nesi na mwenzake walipoingia na kitanda cha magurudumu.

Wakamhamisha baba. Nilitembea pembeni yake kwenye korido, simu mfukoni, mkono juu ya simu. Nilikuwa na namba ya kumwambia. Ilikuwa kwenye kioo, 37.6, na macho yake bila miwani yasingeiona ile saa ndogo iliyosimama. Neno moja tu lilitosha, milango ifunguke na kufungwa. Nilimwona yule daktari mwisho wa korido akiwa amekwisha kuvaa kofia yake ya kijani.

"Namba?" baba akauliza.

Nilifungua mdomo. "Imesimama, Baba. Sijui."

Kitanda kiliendelea kusonga kidogo. Baba akamshika nesi mkono, kikasimama.

"Hajati?"

"Simu yake imezimwa. Mvua inanyesha huko, nadhani. Sijui kama mashine inafanya kazi."

Akajiinua kwa kiwiko. Nesi akasema, "Mzee, lala, tafadhali, daktari anangoja," na baba hakumsikia. Nilijua anachofanya: anapima umbali wa kutoka pale mpaka getini. Niliwaza nitamshikaje, mabega au kiuno, na kama nina nguvu hizo, na kama nina haki hiyo. Nilikuwa naogopa kiasi cha kutaka kulia, na nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka alale pale kwa lazima.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla hawajaja kukuchukua."

"Na ukaona nakwenda, ukasema kweli hivi hivi?"

"Nimesema hivi hivi."

Gerezani, zamu ikibadilishwa, anayetoka humwambia anayeingia hesabu ya wafungwa, na anayeingia huirudia. Baba alikuwa akitusimulia tulipokuwa wadogo kwamba askari aliyepotelewa na mfungwa huadhibiwa, lakini aliyesema hesabu kamili bila kuhesabu hapewi tena zamu na mtu yeyote, hata ya kulinda bustani. Wenzake hawalali akiwa mlangoni. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa miaka, na pale kwenye korido sikulifikiria pia. Nilisema sijui kwa sababu nilikuwa sijui. Yeye ndiye aliyelifikiria.

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati.

"Basi zamu ni yako," alisema. Akajilaza, akaweka mikono kifuani, akamwambia nesi, "Twende."

Milango ikafungwa. Nikabaki na zamu ambayo sikuwa na jicho la kuilinda.

Sijui nilikaa pale benchi kiasi gani. Nilimpigia Hajati mpaka kidole kikachoka. Nilimpigia mwalimu mmoja anayekaa mtaa wa nyuma ya nyumba ya baba, naye hakupatikana. Nikaanza kumtukana muuzaji wa Nairobi, kisha forodha, kisha mimi mwenyewe, kisha mayai. Ndiyo, niliyatukana mayai ya watu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni na birika la uji akaniuliza kwa Kisoga kama nimefiwa. Nikamwambia bado, na neno hilo likanitia baridi.

Mvua ilipokatika Jinja, simu ikalia. Hajati.

"Uko wapi wewe?" nilipiga kelele, korido nzima ikageuka.

"Mimi iko hapa, mama. Radi ilikuwa napiga sana. Mimi nazima simu."

"Na kisanduku?"

"Kisanduku natoa. Natoa yote. Televisheni, redio, kisanduku. Kama Afande natufundisha."

Nilifumba macho. Katika nyumba ile, wingu likishuka kutoka Wanale, kila chenye plagi hung'olewa ukutani na kila simu huzimwa. Hawaulizani. Tangu kompyuta iungue, baba alikuwa ameisisitiza sheria hiyo mpaka kwa majirani. Mashine ya mayai peke yake haing'olewi, kwa sababu haina plagi. Nyaya zake zimeingia ukutani moja kwa moja. Nilikuwa nimesoma kila mstari wa maelezo ya visanduku viwili, lakini sikuwa nimemwambia Hajati kwamba hiki kidogo chenye plagi ni sehemu ya ile kubwa isiyo na plagi. Kwake kilikuwa ndugu wa redio.

"Hajati, hicho hakitolewi! Hicho ndicho—"

"Mama, sikia." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelowa. "Radi napiga nyumba ya mwalimu. Televisheni yake naungua, ruta yake naungua, ukuta iko nyeusi. Kama mimi naacha kisanduku yako, sasa ungeongea na jivu."

Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda.

"Umeme?" nikauliza.

"Umeme nakwenda zamani. Lakini feni mimi nasikia nanyamaza, nakimbia na mvua, navuta jenereta. Nakataa. Navuta tena. Nakubali. Feni nazunguka sasa. Lakini joto, mimi hapana jua. Ulisema utaniambia."

Nilimwambia aunganishe kisanduku kwenye ule waya wa jenereta, ruta pia, taratibu, bila kugusa nyaya za nyuma ya mashine. Nilisikia akiburuta kitu. Nikasikia bismillahi. Nikaitoa simu sikioni nikaitazama.

36.1.

Ilikuwa imeshuka. Nikamwambia afunge matundu yote ya juu, aweke gunia kavu chini ya mlango wa mashine, asiufungue hata malaika akibisha. Dakika ikapita. 36.3. Nyingine. 36.4. Niliziangalia namba zile zikipanda moja moja huku milango ya chumba cha upasuaji ikiwa mbele yangu, imefungwa, na nikaona kwamba naomba Mungu mambo mawili kwa mara moja na sijui lipi nilitangulize.

Daktari alitoka namba ikiwa 36.9. Alikaa karibu yangu kwenye benchi, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari njema. Alisema amekata juu ya kifundo. Alisema pale chini hapakuwa na mwili mzima wa kusimamia, na kwamba wiki zilizopita ungekuwapo. Hakulisema kwa lawama. Akasema mzee ana moyo wa nguvu na atapona. Nikamshukuru, akaondoka, nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Walimrudisha wodini na shuka imemfunika. Nilikaa upande wa kichwa ili nisiangalie pale shuka ilipolala chini mapema upande mmoja. Mwale wa jua la jioni ulikuwa umeingia dirishani na wagonjwa wengine walikuwa wakila. Nilipanga maneno. Nilitaka aulize chochote, hata anitukane, lakini asiulize la mguu kwanza.

Alifungua macho polepole, akayafunga, akayafungua. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nikamlowesha kwa pamba kama nesi alivyonielekeza.

"Namba," alisema.

"37.4. Ilishuka mpaka 36.1, umeme ulikatika. Hajati amewasha jenereta. Inapanda."

"Yatakufa?"

"Mengine labda. Sijui mangapi. Tutajua siku ya kutotoa."

Akaitikia kwa kichwa kidogo kwenye mto. Akavuta pumzi, akakaa nayo, akaitoa. Mkono wake ukatoka chini ya shuka ukanitafuta, ukaupata mkono wangu wenye simu, ukaulaza kitandani na kuushikilia pale.

"Sasa niambie ya mguu," alisema. "Sema hivyo hivyo."

Nikamwambia.